Ua linakunja foronya: kosa ni la mkono, la uzi au la mshono?

"Shikamoo fundi. Nadarizi foronya nne za mtoto wa dada yangu anayeolewa mfungo tatu. Kitambaa ni bafta nyeupe, nilikinunua na kuanza kazi siku hiyohiyo. Foronya moja nimeimaliza. Nilichora ua la petali tano, kila petali ina urefu wa kama sentimita 3, nikazijaza kwa uzi mwekundu kutoka kitovuni hadi nchani. Nimetumia nyuzi zote sita ili ua liwe nene. Kikonyo ni cha kijani, na katikati nimepiga vifundo vya njano. Likiwa kwenye fremu lilipendeza sana. Nilipolitoa, kitambaa kikajikusanya kuzunguka ua na pasi haikusaidia. Nikafua nione itakuwaje: sasa petali zimepwaya, nyuzi zinanasa kwenye kucha, vifundo viwili vimezama upande wa nyuma, na wekundu umetoka ukaacha doa. Kikonyo nacho kwenye kona kinaonekana kimekatikakatika. Shoga yangu anasema mkono wangu mzito na uzi wenyewe feki, bora nipeleke kwa mwenye mashine. Jirani anasema niloweke kwenye siki na chumvi. Nifumue au niache? Halafu nina miaka 44 na kutunga uzi kumeanza kunishinda."

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa shughuli inayokuja. Umeuliza mambo mengi, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona hofu moja: kwamba huna mkono wa kudarizi, na harusi itakukuta na foronya za kuficha. Nianzie hapo. Mkono mzito upo, nimewafundisha wenye nao, na dalili zake si hizi zako. Mwenye mkono mzito hukunja kitambaa kwenye kila mshono, hata kwenye kikonyo. Wewe umesema kikonyo kimekatikakatika, hukusema kimekunja. Kilichokunja ni petali peke yake. Kwa hiyo tatizo tulitafute kwenye petali, na kwenye vipimo ulivyonipa linaonekana waziwazi: sentimita 3.

Mshono wa kujaza, ambao wengine huuita satini, hushikwa na kitambaa mahali pawili tu: pale uzi unapotokea na pale unapozama. Katikati hakuna kinachoushika. Halafu sindano hupita chini ya kitambaa na kurudi ilikoanzia, hivyo nyuma ya petali kuna uzi karibu sawa na ulioko mbele. Petali nzima imezungushiwa uzi. Uvute kidogo tu, ncha mbili za mshono zinasogeleana, na kitambaa kilichobaki katikati hakina pa kwenda ila kujikunja. Ulegeze, uzi unabaki juu ya kitambaa ukisubiri kucha, pete au hereni. Mshono ukiwa mfupi, kati ya kuvuta na kulegeza kuna nafasi ya kutosha na mkono wowote huipata. Ukifika sentimita 3 nafasi hiyo haipo tena. Mpe petali hizo fundi mwenye mkono mwepesi kuliko wote unaowajua: atapata mikunjo, au atapata nyuzi zinazoning'inia, au kama wewe atapata vyote viwili kwa zamu.

Kwa kazi ya kutundika ukutani, mshono wa kujaza unaweza kufika sentimita 1 bila shida. Foronya ni kitu kingine. Italaliwa, itasuguliwa na nywele na mafuta ya nywele, itafikichwa beseni kila wiki. Kwenye foronya mimi sivuki milimita 7 au 8.

Mbona basi kwenye fremu lilipendeza? Kwa sababu fremu ndiyo iliyokuwa ikikizuia kitambaa kisijikusanye. Uzi ulikuwa unavuta ndani tangu petali ya kwanza, ila yale maduara mawili ya mbao yalikuwa yanavuta nje kwa nguvu zaidi. Ulipolegeza skrubu, uzi ukabaki bila mpinzani. Kuna na kosa jingine la fremu, la kinyume chake, nalo ulijue ili usilikimbilie: mtu hukaza kitambaa, kisha akaendelea kukivuta pembeni kwa mshazari mpaka kinarefuka kupita umbo lake. Anashona juu ya kitambaa kilichorefushwa. Kikitolewa kinarudi, na mishono inabaki mirefu kuliko mahali ilipo. Kitambaa kivute kwa kufuata nyuzi zake, kwanza upande wa mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kisha upande wa mshindio (nyuzi za upana), mpaka kitulie bila kulegea. Pembe ziache. Na ukimaliza kazi ya siku kitoe kwenye fremu, maana alama ya duara iliyokaa siku nyingi, hasa mkono ukiwa na jasho, haitoki kirahisi.

Bafta yako nayo ilikuwa mpya. Kitambaa cha pamba hutoka kiwandani kikiwa kimevutwa na mashine na kupakwa dondo, yaani wanga wa kukikaza, ili kionekane kimenyooka dukani. Maji ya kwanza huondoa dondo, nyuzi za pamba hunyonya na kuvimba, na kitambaa hurudi, mara nyingi zaidi upande wa mtande. Uzi wako wa kudarizi haukurudi kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana mikunjo uliyoiona kabla ya kufua iligeuka kuwa kupwaya baada ya kufua: kitambaa kimepungua, uzi ulio juu yake umebaki na urefu wake. Foronya tatu zilizobaki zifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, uzianike, uzipige pasi zikiwa na unyevu kidogo, ndipo uchore. Ile uliyoiona imeharibika imeshafuliwa tayari, kwa hiyo leo kitambaa chake ni kizuri kwa kazi kuliko hizo tatu.

Sasa zile nyuzi sita. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, na anayelifanya huwa na nia njema: anataka ua lionekane. Uzi wa kudarizi huuzwa kwa kata yenye kama mita 8, na ndani yake nyuzi sita nyembamba zimewekwa pamoja makusudi ili uzitenganishe kadiri ya kazi. Zikipita zote sita zinahitaji sindano nene, sindano nene hutoboa tundu kubwa, na bafta ni nyepesi. Matundu yakifuatana kwenye ukingo wa petali, ukingo wenyewe unadhoofika. Tena nyuzi sita hazilali bapa. Husokotana zikakaa mviringo, na kati ya mshono na mshono panabaki upenyo unaoonyesha weupe wa chini. Mtu akiuona anaongeza mshono mwingine hapohapo, na kitambaa kinazidi kubanwa. Nyuzi mbili zilizolala bapa hufunika vizuri kuliko sita zilizosokotana.

Kata kipande cha mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukizidisha, uzi unachakaa kabla hujaumaliza, kwa sababu sehemu iliyo karibu na sindano hupita kwenye kitambaa mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Chomoa uzi mmoja mmoja kwa kuuvuta wima huku ukishika wenzake kwa vidole. Ukijaribu kuzigawa kwa mkupuo zitafungana. Kisha unganisha mbili. Sindano ya kudarizi namba 7 au 8 inatosha, na ukienda dukani kumbuka kwamba namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Kila baada ya mishono kadhaa iachie sindano ining'inie na kujizungusha mpaka itulie, maana kila unaposhona uzi unasokoteka kidogo bila wewe kuona, na uzi uliosokoteka hauna mng'ao.

Ukitaka petali iliyoinuka, unene uutandike chini. Piga ponta ndogondogo, yaani vimishono vinavyofuatana bila kuacha nafasi, kuzunguka mstari wote wa petali, halafu weka mishono michache mifupi ndani yake inayokatiza mwelekeo utakaojazia, kisha jaza juu yake ukizamisha sindano nje kidogo ya ile ponta. Ponta hiyo pia ndiyo inayofanya ukingo uonekane umekatwa kwa wembe. Wengi huiruka kwa sababu haionekani mwishoni, halafu wanashangaa petali zao zina meno.

Kuhusu uzi feki: unaweza kuwa feki, lakini kutoka rangi hakutoshi kuuhukumu. Nyekundu, buluu ya giza na zambarau iliyokolea huweza kutoa hata kwenye nyuzi za bei. Kinachotoka ni rangi ya ziada iliyobaki juu ya uzi bila kushikana nao. Dawa yake ni kuitoa yote kabla haijapata pa kukaa. Siki na chumvi viache jikoni. Siki ina kazi yake pale watu wanapotia rangi sufu au hariri. Kwenye uzi wa pamba uliokwisha kutiwa rangi kiwandani haifungi kitu, na chumvi vilevile. Jirani yako amepokea ushauri huo kwa wakubwa zake kama sisi sote, simlaumu.

Doa lililopo tulishughulikie hivi. Fumua petali nyekundu kwanza, ili chanzo cha rangi kiondoke. Kisha loweka foronya kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Maji yawe mengi, rangi ienee humo isirudi kwenye kitambaa, na uyabadilishe kila yanapoanza kuwa mekundu. Usiiache ikauke kabla doa halijatoka, na pasi usiiguse kabisa, kwa sababu joto huzidi kulikaza. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usitie wakati kikonyo cha kijani bado kipo. Kwa foronya zijazo, jaribu uzi kabla ya kuanza: loanisha kipande kifupi, kiweke katikati ya kitambaa cheupe kilichokunjwa, kandamiza kwa pasi ya moto. Ukiona alama, fungua kata nzima, isuuze kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, uianike kivulini, ndipo uitumie. Kata mbili zikitoa bila kikomo, badilisha duka.

Tuje kwenye ua lenyewe. Mchoro wako ni mzuri, usiubadilishe. Una njia tatu za kuujaza, na sizipi uzito sawa.

Ya kwanza ni kubaki na mshono wa kujaza lakini kuigawa petali. Chora mstari katikati yake kutoka kitovuni hadi nchani, kisha jaza kila nusu peke yake, mishono ikitoka ukingoni na kuzama kwenye mstari wa katikati kwa mshazari. Petali ya upana wa sentimita 1.4 itakupa mishono ya milimita 7 au 8 hivi, na hapo mkono wako utaona tofauti mara moja. Anza karibu na ncha, ambapo mshono wa kwanza hulala karibu wima, kisha shuka taratibu kuelekea kitovuni ukiuinamisha kidogo kidogo. Ukianzia kitovuni mshazari unapotea njiani na nusu mbili hazifanani. Njia hii inabaki na ule mng'ao wa satini, ambao unatokana na nyuzi kulala sambamba na kurudisha mwanga kwa pamoja. Kwa foronya za kupamba kitanda, zile zinazotolewa usiku na kurudishwa asubuhi, ningechagua hii.

Ya pili ni kujaza kwa mishono mirefu na mifupi inayopishana, safu juu ya safu, rangi ikibadilika kutoka nyekundu iliyokolea hadi ya waridi. Hakuna inayoupa ua uhai kama hii. Lakini inataka mazoezi na muda, na wewe una foronya nne na tarehe. Iweke kwa ajili ya kazi nyingine.

Ya tatu ni mnyororo, na kwa foronya za kulalia hii ndiyo yangu. Uzi hutokea, unaulaza kuwa kitanzi, sindano inazama kwenye tundu lilelile na kutokea kama milimita 3 mbele, ndani ya kitanzi. Kitanzi kinachofuata hukishika kilichotangulia, na cha mwisho unakifunga kwa kimshono kimoja kidogo kinachopita juu yake. Ona tofauti: badala ya uzi unaoruka sentimita 3 bila kushikwa, hapa unashikwa kila milimita 3. Hauna pa kupwaya. Zungusha petali kwa mnyororo, kisha mzunguko wa pili ndani ya wa kwanza, na wa tatu. Petali ya upana nilioutaja itakaribia kujaa. Kosa la mnyororo ni kuvuta mpaka kitanzi kifumbe. Kikifumba kinakuwa mstari mgumu na kitaanza kukunja kitambaa upya, kwa hiyo kiache na tumbo. Usitarajie mng'ao wa satini, na jiandae kununua uzi zaidi, kwa sababu mnyororo unakula uzi kweli.

Ukipenda kuzungushia ua kubwa na vijiua vidogo, tumia kitanzi kimoja kwa kila petali: kitanzi, kimshono cha kukishika nchani, basi. Urefu usizidi sentimita 1. Petali tano zinawasumbua wengi kuzipanga. Chora duara dogo, weka nukta kwenye 12 ya saa ya ukutani (nasema namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, si saa tunazozitaja sisi), nyingine kati ya 2 na 3, nyingine kabla kidogo ya 5, nyingine baada kidogo ya 7, na ya mwisho kati ya 9 na 10. Vitanzi vyote vitoke kitovuni na kuelekea kwenye nukta hizo. Chora kwa penseli isiyokolezwa. Kalamu ya wino itasambaa ikikutana na maji, na kaboni nyeusi ya ofisini haitoki kwenye bafta.

Kikonyo chako kina ugonjwa mdogo. Kwenye mshono wa shina, kila mshono huanzia pembeni ya katikati ya uliotangulia, na uzi lazima ulale upande mmoja wa sindano safari yote. Iwe juu yake au chini yake, chagua mmoja usiuache. Ukibadilisha njiani, msokoto unageuka na jicho linaona mkatiko. Kwenye kona kuna sababu ya pili: mshono mrefu haujui kupinda, hukata kona moja kwa moja. Kama kwenye mstari ulionyooka unashona milimita 4, ukifika konani punguza hadi 2, ukitoka ongeza tena. Geuza kitambaa uangalie nyuma. Ukiona ponta iliyofuatana sawasawa, umeupata.

Vifundo vilizama kwa sababu, nina hakika karibu kabisa, ulirudisha sindano kwenye tundu lilelile ilikotokea. Hakuna kitambaa cha kukizuia kifundo hapo, kinapita chote kama kilivyo. Zamisha sindano pembeni, ukiacha nyuzi mbili za kitambaa katikati, na uzi uushike ukiwa umekazwa kwa mkono wa kushoto mpaka kifundo kitulie juu ya kitambaa. Zungusha uzi mara moja au mbili kwenye sindano, usizidishe. Ukitaka kifundo kikubwa, ongeza nyuzi badala ya mizunguko: hapa ndipo nyuzi tatu au nne zina kazi.

Nyuma ya kitambaa hujaniambia pakoje, lakini nakisia kuna mafundo na nyuzi zinazovuka kutoka petali hadi petali. Fundo si dhambi, ila kwenye foronya shavu linalihisi, na kwenye bafta nyepesi linaweza kupenya. Anza kwa vimishono viwili vitatu vidogo juu ya mstari utakaofunikwa, na umalize kwa kupitisha uzi chini ya mishono iliyopo nyuma, mara tatu au nne, kisha ukate. Usivushe uzi zaidi ya sentimita 1. Uzi mwekundu unaovuka nyuma ya bafta nyeupe huonekana mbele kama mshipa, na kila unapovuka unaongeza mvuto ambao kitambaa hakikuuhitaji.

Nifumue au niache? Fumua petali na vifundo, kikonyo kiache isipokuwa pale konani. Tumia mkasi mdogo wenye ncha, kata nyuzi upande wa nyuma vipande vifupi, kisha uzitoe kwa mbele kimoja kimoja. Usivute uzi mrefu, utaondoka na nyuzi za bafta. Matundu yatabaki, loanisha mahali hapo, sugua taratibu kwa ukucha kufuata mtande, halafu mshindio, na mengi yatajifunga. Kabla ya kugusa foronya yenyewe, shona petali moja kwenye kipande kilichobaki cha bafta uliyokwisha kuifua, uifue tena, uipige pasi kwa nyuma ikiwa imelala juu ya taulo. Ukiiona imetulia, endelea. Kama imekunja hata ikiwa ya mnyororo, niandikie, maana hapo nitakuwa nimekisia vibaya.

Shoga yako kuhusu mashine hajakosea kabisa. Mashine hushona kwa uzi wa juu na wa chini unaofungana, mishono yake ni ya karibukaribu na inavumilia kufuliwa. Foronya nne zinazofanana kama mapacha ni kazi inayoiweza kuliko mkono. Lakini nayo inakunja bafta nyepesi kama mshonaji hakuweka karatasi au kitambaa cha kushikilia nyuma, kwa hiyo uliza hilo kabla hujalipa. Hesabu siku zako. Kama mfungo tatu umekaribia, ningeshona kwa mkono foronya mbili zitakazotangulia kuonekana kitandani, na mbili za kubadilishia ningempelekea mwenye mashine na mchoro uleule. Sidhani mtoto wa dada yako atazihesabu.

Kuhusu macho, miaka 44 ndiyo umri wenyewe. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, na vitu vya karibu huanza kufifia, tundu la sindano likiwa la kwanza. Kwa wengi miwani ya kusomea inamaliza shida, lakini kapimwe mwenyewe, usiazime ya mtu. Shona mchana, mwanga ukitokea upande wa mkono usioshika sindano ili kivuli kisikuangukie kwenye kazi, na weka kipande cheupe nyuma ya tundu la sindano unapotunga. Ila uoni ukipungua ghafla, ukiona mimweko, au jicho likiuma na kuwa jekundu, hiyo si habari ya umri. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile kidole gumba na viwili vinavyofuata vikiwa na ganzi, hasa ikikuamsha usiku, weka sindano chini ukamwone daktari, maana huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na kuendelea kushona hakutausaidia.

Kuna jambo moja ambalo maandishi hayawezi kulifundisha vizuri, nalo ni kiasi cha kuvuta uzi. Naweza kukuandikia "uvute mpaka ulale, usiuvute mpaka kitambaa kiitikie," lakini hilo ni la kuonyeshwa. Tafuta mtu anayeshona kwa mkono akae nawe alasiri moja. Kama una jamaa Unguja au Lamu anayeshona kofia, huyo ni mwalimu mzuri kuliko wengi, kwa sababu vile vitundu vidogo vya kofia ya mkono havikubali uzi ulegee wala uzidi kukazwa. Mpelekee foronya yenyewe pamoja na kipande cha majaribio, na umwombe akutazame ukishona badala ya kukushonea.